Vitone Vyeupe Kwenye Picha za Ta Ishengoma

Mwaka mmoja umetimia sasa, mume wangu Ta Protase Ishengoma, tangu tulipokulaza kule nyuma ya migomba, na watu wa Nshamba bado wanasema maneno juu ya dawa zako za picha.

Juzi sokoni nilimsikia mama mmoja akionyesha picha ya harusi yake. "Marehemu alikuwa mtu mwema, ila dawa zake zilikuwa mbovu. Ona vitone hivi, nimeolewa na ndui!" Wenzake wakacheka. Mimi nikanunua chumvi yangu nikaondoka, lakini moyo haukutulia. Jina lako ni safi, na anayejua ukweli ni mimi peke yangu.

Ulikuwa mpiga picha mpole. Bibi yeyote akiogopa kukaa mbele ya kamera, ulinikalisha mimi kwanza ili aone kwamba haiumi. Ndiyo maana nina picha arobaini, na hakuna hata moja ambayo sikuvaa nguo za jikoni.

Filamu ulizisafishia hapa nyumbani, katika chumba kilichokuwa stoo ya kahawa. Uliziba dirisha kwa blanketi, ukaifunga tochi kitambaa chekundu. Dawa zilitoka Mwanza kwa meli, na miaka ile ya uhaba zilikuja zikipenda. Ulizitunza kuliko mayai, katika chupa za rangi ya kahawia, ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda chetu, mahali pasipofika jua. Miaka kumi na mitano nimelala juu ya harufu ile. Padre alipokuja kubariki nyumba aliuliza kama tuna mgonjwa.

Tena ukanichukulia masinia yangu matatu ya harusi. La kwanza ulilitia dawa ya kuitoa picha, la pili siki, la tatu dawa ya kuishika isifutike. Sikugomba. Mimi si mtu wa kugomba. Nilijitafutia tu na mimi nafasi katika chumba chako.

Mwaka 1974 askofu alikuja kutoa kipaimara. Ulipiga filamu moja, watoto kumi na wawili, kila mmoja na nguo yake nyeupe. Ukaisafisha, ukaitundika kwenye kamba ikauke, kesho yake ukatoa picha. Mawe, mama yangu! Kila mtoto alikuwa na vitone vyeupe usoni.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mushumbusi, aliishika picha ya binti yake Immakulata, akaigeuza juu chini.

"Ishengoma, nilikuletea mtoto mzima. Surua hii umeipata wapi?"

"Ni dawa, balozi. Nadhani imeharibika."

"Basi, waitu, ndugu yangu, nitamwita mpiga picha wa Bukoba. Yule dawa zake haziugui."

Ulimsindikiza kwa adabu mpaka njiani. Uliporudi ulilivuta lile sanduku, ukazikumbatia chupa zote nne, ukaelekea migombani kuzimwaga. Hizo zilikuwa za mwisho, na dukani hakuna aliyejua nyingine zitakuja lini. "Nitachuma kahawa kama wenzangu," ulisema. Nikajua nikikuacha umwage, hutashika kamera tena.

"Baba Verdiana, weka chupa chini. Ni ndizi."

"Ndizi gani?"

"Za pombe ya lubisi. Shimo langu la kuivishia huingia maji ya mvua. Chumba chako kina joto, kina giza. Nazipanga kwenye uchaga, juu ya kamba yako, nazifunika mkeka."

Ulichukua lenzi, ukaitazama filamu kwenye mwanga wa mlangoni.

"Mama Verdiana, dawa haina mabawa."

Walikuwa wale nzi wadogo wa ndizi mbivu, wamenasa kwenye filamu ilipokuwa mbichi, na kila nzi alipoziba mwanga, picha ikatoka na kitone cheupe.

"Ndizi hizi umeanza kuziweka lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu hii?"

"Jumatatu baada ya Uhuru."

Ulikaa chini. Nilidhani unalia. Ulikuwa unacheka, ukacheka mpaka Verdiana akatoka jikoni mbio akiuliza nani amekufa.

Dawa zilirudi chini ya kitanda, ndizi zikahamia jikoni. Ukailoweka filamu, ukawaondoa nzi mmoja mmoja kwa unyoya wa kuku, ukatoa picha upya. Zilikuwa nzuri kiasi. Mushumbusi alipozifuata, mimi nilijibanza nyuma ya mlango nikingoja aibu yangu. Ukamwambia, "Kosa ni langu, balozi. Sikuifunika filamu."

Hukunitaja siku ile wala siku nyingine. Sifa ya dawa mbovu ukaenda nayo kaburini.

Kwa hiyo leo nasema mimi. Ninyi nyote wa Nshamba na Muleba mliopigwa picha na Ishengoma tangu Uhuru mpaka mwaka 1974, mkaona vitone, sikieni. Dawa zake zilikuwa nzima na mikono yake ilikuwa safi. Ndizi zilikuwa zangu. Mwenye lalamiko aje nyumbani Jumapili baada ya Misa ya kumwombea, na aje na kiu.

Na wewe, Ta Protase, najua utasema nimechelewa. Nilitaka kuyasema ukiwa hai. Lakini ulifurahi mno kunifichia siri, nikaona nisikuharibie.

Unakumbukwa na mimi mkeo Anatolia Kokuberwa, wanao Verdiana na Datius wa Ijuganyondo, mkweo Georgina, dada yako Jovita, ambaye leo ndiyo anasikia habari hii, na wajukuu wote.

Tutakukumbuka siku zote, tukicheka pale inapobidi. Pumzika kwa amani.