Mjusi Niliyeachiwa Hajaenda Haja Siku Kumi na Moja

Mpendwa mshauri wetu wa redioni Bi Rahila, assalaam alaykum. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana hapa kwetu nishachekwa ya kutosha. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Yumna, ana miezi minne, nakaa Ole kwa mavyaa wangu Bi Kazija, mamake mume wangu, mume mwenyewe yuko Unguja kwa kazi, skuli niliishia kidato cha kwanza kwa hiyo nisamehe mwandiko, nimeandika kwenye karatasi nikaipiga picha ndiyo hiyo niliyokutumia.

Jirani yetu Mzee Abdulnasir alikaa Maskati miaka mingi, na aliporudi kuzeekea kwao alikuja na mjusi. Si mjusi kafiri huyu wa ukutani, ni mkubwa, urefu wake kutoka kiwiko changu mpaka vidoleni, rangi kama ya mchanga, kidevuni ana miiba laini kama ndevu na akiudhika ndevu zinageuka nyeusi. Anamwita Nahodha. Watu wanamwogopa, mimi simwogopi, basi Mzee alipotakiwa arudi Maskati kupasuliwa macho akaniita akanambia, "Mwanangu, huyu ndiye mtu wangu wa nyumbani tangu marehemu mke wangu atangulie. Sikuachii mjusi, nakuachia mtu." Akanipa ufunguo wa nyumba yake, sanduku la Nahodha, taa yake, ndoo ya panzi, na karatasi ya maelekezo kaiandika kwa herufi kubwa ili niweze kuisoma.

Karatasi ilisema taa iwake mchana kutwa, chini atandikiwe gazeti, na asipewe mdudu mkubwa kupita nafasi iliyo baina ya macho yake mawili. Bi Rahila, nakwambia kweli, nilivunja yote matatu, na yote kwa huruma. Taa ilikuwa inamwamsha Yumna, na Yumna akiamka halali tena, na mimi tangu nizae sijui usingizi wa kushiba ukoje, basi nikaizima taa nikamhamishia Nahodha kwenye ghala la karafuu ambako kuna baridi nzuri, nikasema hata mimi ningependa kulala humu. Gazeti nikaona ni kama kumlaza mgeni sakafuni, nikamwagia mchanga laini niliouomba kwa wanaojenga nyumba hapo jirani. Na panzi wadogo kuwakamata na mtoto mgongoni ni kazi, nikawa nakamata wale wakubwa, mmoja nikaona anatosha kwa watatu.

Leo siku ya kumi na moja hajaenda haja kubwa. Tumbo limekuwa gumu, ndevu nyeusi, panzi akimpitia puani hamtizami. Mavyaa wangu mwanzo alikuwa ananisema, kwao wamefunzwa kuua mjusi ni thawabu na mimi namlisha, lakini siku ya sita aliponikuta nalia akakaa chini, akamgusa tumbo, akasema, "Chango hili." Yeye ndiye anayeletewa watoto wote wa hapa wakisumbuliwa na tumbo. Basi tukamfanyia kama tunavyomfanyia Yumna, tukampaka tumbo mafuta ya karafuu, tukamfunga kitambaa cha kanga kiunoni, tukamnywesha uji mwepesi wa mchele kwa kijiko. Majirani wakapata la kusema, eti Bi Kazija kapata mjukuu wa pili na huyu kazaliwa na ndevu zake. Mavyaa akawajibu, "Bora huyu, halii." Tukacheka sote, lakini haja hakwenda.

Sasa ndio nafika kwenye linaloniuma. Mzee hupiga simu kila siku baada ya maghrib, macho yake yamefungwa bandeji, hawezi kutizama picha, anategemea mdomo wangu tu. Ananiuliza kama Nahodha mzima, kama kala, kama kenda haja, na mimi siku zote hizi namjibu, "Kenda, Mzee, hana neno." Naye huvuta pumzi akasema, "Alhamdulillahi, basi nami nitalala." Bi Rahila, akishakata simu mimi ndiye silali. Bado siku nane arudi. Mavyaa anasema mgonjwa hasumbuliwi, na mjusi akifa tuseme kafa ghafla, nani atampima. Lakini mimi roho haitaki. Na bado nina tamaa, maana leo asubuhi nilipomwita alifungua jicho moja. Niambie, anaweza kupona? Na Mzee nimwambie sasa au nisubiri macho yake yapone? Nimechoka, wallahi, lakini nakusikiliza.

Mama Yumna, Ole.

*

Mama Yumna, wa alaykum salaam. Sikukucheka. Pale kwenye ndevu nilitabasamu kidogo, nisamehe.

Pole kwanza. Mwenye mtoto wa miezi minne na mume aliye mbali kuongezewa roho nyengine ya kulea si mzigo mdogo, na ulikuwa na haki ya kumwambia Mzee kwamba hutaweza. Hukumwambia, ukaubeba. Sasa sikiliza, maana huruma yako imemuumiza mnyama wa watu.

Barua yako nilimsomea Bwana Nyange, daktari wa mifugo. Kazi yake kubwa ni ng'ombe na mbuzi, lakini hakucheka, aliniuliza swali moja tu: huyo mjusi yuko wapi? Nilipomwambia ghala la karafuu akashika kichwa. Anasema mjusi hana moto wake mwilini kama wewe na mimi, moto anauazima juani au kwenye taa, na bila moto huo chakula kinamkalia tumboni hakisagiki. Wewe umemlea kama mtoto mchanga, asipate jua wala joto. Ulipaswa kumlea kama mzazi aliyetoka kujifungua. Ulipojifungua, Bi Kazija alikulaza kwenye ubaridi? Si alikukanda kwa maji ya moto mpaka ukaomba msamaha? Basi hilo ndilo analolitaka Nahodha.

Kitambaa cha kanga kifungue sasa hivi, hawezi kupumua vizuri nacho. Mafuta ya karafuu muoshe yote, na usimpake tena: yale ni makali, kwa kiumbe kama huyo ni sumu. Na hata kwa Yumna, kabla hujampaka tena, kamuulize mkunga wa kituoni. Uji basi. Panzi basi, mpaka tumbo lifunguke. Dawa ya kuharisha ya watu usimpe hata tone, atakayekushauri hivyo msikilize kwa adabu kisha usifuate.

Mchanga utoe wote urudishe gazeti, maana Bwana Nyange anahofu kila alipokamata panzi alimeza na mchanga, na huenda ndio uliomziba. Jua likishapanda vizuri mtoe nje na sanduku lake, nusu iwe juani nusu kivulini ajichagulie mwenyewe, na ukae naye, kunguru wa Ole hawana mzaha. Akishapata moto, mtie kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kama ya kumkogesha Yumna, yasimpite mabega, na usiondoke hata mtu akibisha hodi. Dakika ishirini. Humo humo majini mpapase tumbo kwa vidole viwili, polepole, kutoka kifuani kwenda mkiani, yeye akiwa amesimama kwa miguu yake. Usimlaze chali. Kisha mkaushe, umrudishe kwenye joto. Kukiwa na mawingu, washa taa. Ikimsumbua Yumna, ahame Yumna, mchana alale chumbani kwa bibi yake.

Fanya hivyo leo na kesho. Keshokutwa kama bado, au wakati wowote ukimwona anaburura miguu ya nyuma au anatapika, usijaribu kitu chengine, mpeleke kwa daktari wa mifugo Chake Chake. Anaweza kupona? Bwana Nyange anasema anayefungua jicho akiitwa bado yupo. Lakini siku kumi na moja ni nyingi, sitakudanganya.

Maana kudanganya ndiko kunakonileta kwenye la pili. Mzee huyu hana macho kwa sasa. Aliyaazima yako, nawe umeyafumba. Najua hukufanya kwa ubaya, ulitaka alale. Lakini usingizi unaompa si wake, na siku atakapofika akakuta sanduku tupu ataanza kuhesabu simu zote zile, na kila "hana neno" itageuka kuwa kifo cha pili. Mavyaa wako anasema mgonjwa hasumbuliwi, na namheshimu, lakini hapa sikubaliani naye. Mzee amezika mke, anajua kupokea habari. Asichokijua ni kupokea habari iliyochelewa kwa makusudi. Na jengine ni hili: yeye kaishi na mnyama huyu miaka, wewe wiki chache. Pengine amewahi kuziba huko Maskati, pengine ana dawa kabatini na ufunguo unao wewe. Unamnyima Nahodha mtu pekee anayemjua.

Utaniuliza umwambieje. Bila ya kuzunguka. Mwambie, "Taa niliizima, mchanga niliutia mimi, haja hajaenda siku kumi na moja na nilikuwa nakwambia uongo." Kisha nyamaza, umwache aseme. Akikasirika ana haki yake. Usilie ili akuonee huruma, huo nao ni mzigo.

Bi Kazija, najua unasikiliza, mchukue mjukuu. Huyu mwanao hajalala tangu azae.

Nawe Mama Yumna, usingoje maghrib, usingoje apige yeye. Bandika maji jikoni, na yanapopata moto zima redio, mpigie Mzee.