Mtani Wangu, Nimeshuka Pwani Bila Wewe

Mtani wangu Shomari,

Sikuamkii. Umri wako ulitosha kunizaa, lakini Mzaramo hapewi shikamoo na Mnyamwezi. Ulisema hivyo mwenyewe siku ya kwanza nilipokukuta ukivua viatu ukingoni mwa bwawa la Igombe, nami nikakujibu kwamba hata ningekupa usingejua la kuitikia. Tangu hapo hatujawahi kusalimiana kama watu wenye adabu, na leo hatuanzi.

Ninaandika nimesimama. Niko Bagamoyo, kwenye chumba cha gesti, karatasi nimeiweka juu ya kabati. Jana nilimaliza mashindano yako, yale ya kuogelea, baiskeli na mbio. Nasema yako kwa sababu ni wewe uliyeyataka, mimi nilitaka kuogelea tu. Mapaja yamekaza, lakini siyo yanayonisimamisha. Tangu tulipokuzika siwezi kukaa. Nikikaa, miguu inacheza chini ya meza. Nikilala naamka, naingia barabarani, nakimbia mpaka mama yangu anatuma watu kuniulizia. Na sijalia, Shomari. Hilo linanitisha kuliko kukosa usingizi. Miezi yote hii sijatoa hata chozi moja kwa ajili yako, na majirani pale Cheyo wameanza kuniangalia vibaya.

Labda ni huu utani wetu. Siku ile wenzangu wote walikuwa na ruhusa ya kulia, mimi nilikuwa na kazi. Jeneza lilipotaka kutoka nilifunga kanga kwenye geti lako, nikasimama katikati, nikawaambia ndugu zako kwamba sisi ni wapagazi tangu enzi za misafara na hatujawahi kumbeba Mzaramo bure, tena huyu mwenye uzito wa gunia la mpunga. Nikadai nazi. Nazi, Tabora, asubuhi ile! Wanaume wamesimama na wewe mabegani, shehe anauma midomo asicheke. Mkeo alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, na ndiye aliyecheka wa kwanza. Akaagiza jikoni, nazi ikaja, nikaipokea, nikafungua kanga, ukapita. Ulipita karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningekugusa. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshika nazi. Baadaye kila mtu aliniambia nimefanya vizuri sana, na kweli nilifanya vizuri.

Habari za nyumbani ni hizi. Mkeo, Mama Zuhura, yuko eda, hatoki. Mimi siwezi kutulia ndani na yeye haruhusiwi kwenda nje, basi tukakutana kwenye turubai lako. Lile uliloning'iniza uani, ukaniweka chini yake juu ya baiskeli iliyofungwa kwenye stendi, ukanizungushia masufuria ya maji yanayochemka ili nizoee joto la kwenu. "Karibu pwani," ulikuwa unasema, halafu unafunika pembe ya mwisho. Nilidhani turubai limekufa na wewe. Wiki moja baada ya mazishi mkeo aliniita, nikakuta ameshachemsha maji. Amekuwa akichemsha hivyo kila jioni, mimi nakanyaga pedali ndani ya mvuke, yeye amekaa nje ya turubai akichambua mchele, na hatukutaji.

Sasa nikueleze mashindano, maana najua unakufa kutaka kujua. Samahani. Hapana, siombi samahani.

Bahari yenu haina adabu. Maji ya Igombe yamelala pale pale ulipoyaacha, haya yanakuinua, yanakuangusha, yanakunywesha chumvi, tena ya vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani. Nilitoka majini karibu wa mwisho. Kwenye baiskeli nikapata nafuu. Barabara nzuri, upepo unatoka baharini, nikaona hata pwani kwenyewe ni maneno tu. Uliniambia: "Baiskeli ya pwani ni mwongo. Upepo unakupepea, unadhani umepoa. Ukishuka ndipo utajua." Nilikumbuka kila neno, na bado nilikanyaga kama niko kwenye barabara ya Puge nikikimbizwa na lori la tumbaku. Nisingeweza kupunguza. Tangu ufe najua mwendo mmoja tu.

Nikashuka, nikaanza kukimbia, nikajua.

Kwetu joto linauma lakini lina ubinadamu. Jasho linatoka, upepo unalichukua, unabaki na chumvi shavuni. Hili fukuto lenu halichukui kitu. Jasho linatoka na linabaki pale pale, jingine linakuja juu yake, fulana inakuwa nzito, viatu vinalia chapa chapa, na hewa unayovuta ni kama mtu mwingine ameshaitumia. Turubai lako lilikuwa mchezo wa watoto. Mle ndani nilijua nikichoka nitafunua pembe moja, nitoke, nikute mkeo na mchele wake. Hapa nilikimbia na kukimbia na pembe ya kufunua sikuiona.

Katikati ya mbio ngozi ikanisisimka. Nikasikia baridi, saa saba ya mchana, kwenye jua lile. Hapo nilikutii, kwa mara ya kwanza labda. Ulisema baridi ikija juani hakuna ushujaa tena, tembea, jimwagie maji, tafuta kivuli. Nikatembea. Kwenye kituo cha maji kina mama waliokuwa wanagawa vikombe wakaona neno Tabora kwenye fulana yangu, basi ikawa sherehe. "Mnyamwezi huyo! Mzigo umeutupa wapi?" Nikasikia mdomo wangu unajibu, "Nimemwachia mumeo, nimemkuta amelala tu." Wakacheka mpaka vikombe vikamwagika, mmoja akanimwagia ndoo nzima kichwani kwa furaha. Na mimi, chini ya yale maji, nikaogopa. Kichwa kinazunguka, sijui kama nitafika, nimebeba msiba wa kuniua, na mdomo unatania wenyewe kama redio iliyoachwa inaongea katika nyumba isiyo na mtu.

Nilifika. Kwa kutembea, kukimbia kidogo, kutembea tena. Walikuwa wanakunja bendera. Wakanivisha medali, wakanipigia makofi ya huruma.

Ngoja nikwambie nilichokuwa nimepanga. Nilipanga kwamba nitavuka ule mstari, nitalia, na yataisha. Ndiyo sababu nilikuja. Si kwa sababu ya medali wala ya kutimiza ndoto yako, hayo niliwaambia watu tu. Nikasimama pembeni nikasubiri kilio. Likatoka jasho, jasho, jasho. Msichana wa huduma ya kwanza akaja na tishu akiniambia pole dada, lia tu, inasaidia. Nikamwambia hili ni jasho, mdogo wangu. Nilimwonea wivu huyo mwenye machozi aliyemdhani kuwa ni mimi.

Dereva wa bodaboda ananipigia honi. Naenda kwa mama yako kumpa pole. Nitamalizia baadaye.

Naendelea. Niko kwenye treni, tumesimama Kigwa, si mbali na Tabora, wanasema kuna treni ya mizigo inapita kwanza.

Mama yako nilimwamkia, kwa kuwa yeye ni mama. Amekonda, miguu ndiyo ile iliyomzuia kuja kukuzika, ila macho bado ni makali. Nilimpa asali. Akataka nimweleze mazishi, nikamweleza yote, geti, kanga, nazi. Hakucheka. Akauliza, "Nazi moja tu?" Mimi miguu ikaanza kucheza, nikawa natafuta namna ya kuaga.

Akasema, "Tangu Zuhura azaliwe sijamwona mwanangu. Wewe ulikuwa naye kila siku. Hebu tembea kama yeye, nimwone."

Nilitaka kukataa. Lakini mtani haombwi hilo akakataa, na aliyeomba ni mama yako. Nikainuka kwa kushika ukuta. Nikaweka mikono nyuma, nikatanguliza tumbo, nikainua kidevu kama unavyofanya ukitaka kumkosoa mtu, mguu wa kushoto nikautupa nje. Nikatoka kwenye mtungi kwenda mlango wa jiko. Mapaja yalikuwa magumu, hayakunjiki, kwa hiyo nilikwenda polepole, na wewe ndivyo ulivyokuwa ukienda. Sikuwa nimejua kama nakufahamu kiasi hicho. Nilifika mlangoni nikageuka.

Mama yako alikuwa ameinama mbele, amefunika mdomo kwa upande wa kanga. "Amenenepa," akasema. Alisema kwa furaha, Shomari, kama mama yeyote anayempokea mtoto aliyetoka mbali. Akatazama tena, akasema, "Na huo mguu bado anautupa." Halafu akapapasa mkeka pembeni yake.

"Basi mwambie akae. Amechoka."

Nikakaa. Na hapo ndipo nililia, kwa sauti mbaya, kamasi na kila kitu, kichwa changu mapajani kwa mama yako, naye analia juu yangu, na hakuna kati yetu aliyesema neno la mzaha. Sijui tulikaa muda gani. Jua lilihama ukutani na mimi nilikuwa bado nimekaa.

Treni ya mizigo imepita, sasa tutaondoka. Kwaheri, mtani. Siahidi medali wala mashindano mengine, joto lenu nimeshaliona. Nakuahidi hili tu: kila mwaka, maadamu mama yako yupo, nitashuka na kutembea mbele yake kutoka mtungini hadi mlangoni. Na kila mwaka nitakuongezea kitu kidogo, kitambi, mgongo kuinama, mkono kutafuta ukuta, ili akuone unazeeka kama watoto wa wenzake.

Mtani wako,
Nyamizi