Chumvi Kidogo

4 Machi

Mdogo wangu,
Hujambo? Mimi mzima, baridi tu ya huku ughaibuni ndiyo inanitesa. Baba anaendeleaje na presha? Eti yule muuza dawa kamwambia akipata nafuu aache vidonge? Jamani! Maneno ya huyo bwana yachukueni na chumvi kidogo. Baba ameze vidonge kila siku, asikose.
Dada yako

29 Machi

Dada,
Shikamoo. Sisi tupo. Ile chumvi uliyoagiza nampa: nusu kijiko kwenye maji kwa kila kidonge, asubuhi na jioni. Baba aliniuliza, "Daktari si alinikataza chumvi?" Nikamwambia dada ni muuguzi wa hospitali kubwa, anajua ya kisasa. Akanywa. Ila wiki hii miguu imevimba na kichwa kinamgonga.
Mdogo wako

11 Aprili

We mtoto!
Salamu baadaye. Nimepiga simu, hupatikani. Chumvi kwa mgonjwa wa presha? Una akili timamu? Nilimaanisha msimwamini yule muuza dawa! Huku ndivyo watu wanavyosema kwa Kiingereza: neno ulichukue na chumvi kidogo, yaani ulitilie shaka. Mtoto wa chekechea angejua! Acha leo hii, mpeleke hospitali. Nina hasira!
Dada yako

2 Mei

Dada,
Shikamoo. Barua yako imemkuta baba wodini. Upande wa kulia umepooza na maneno hayatoki.

"Huku ndivyo wanavyosema." Huku wapi? Sisi tuko hapa! Ulishindwa nini kuandika "msimwamini"? Neno moja tu, dada, ukatunyima. Kijiko nilikishika mimi, sihitaji kukumbushwa. Lakini usiniulize tena habari za akili. Nilimtii muuguzi.
Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,
Sikuulizi hali, naijua. Hasira yako ni haki yako, na yangu sasa inanirudia mwenyewe.

Mimi si muuguzi. Nafua mashuka ya wodi, mwaka wa sita huu. Ile sare ya kwenye picha niliyowatumia niliiazima kwa dakika mbili. Na ule msemo niliusikia wauguzi wakitaniana mlangoni, nikaupenda, nikaona nami nikiuandika nitafanana nao. Baba alikunywa chumvi kwa ajili ya picha.

Usimwambie. Nimekata tiketi, nakuja kumwambia mwenyewe, na kwa bahati mbaya hataweza kunijibu. Wewe unaweza. Nikifika nitukane, wala usinipunguzie.
Dada yako