Baba Familia na Kiinua Mgongo

Mwenzangu, bado siamini macho yangu.

Unamkumbuka meneja wetu wa wafanyakazi, yule tuliyembatiza Baba Familia? Mwezi mzima fundi umeme anampelekea karatasi ya ombi letu atie sahihi, iandikwe kwamba kampuni ikiuzwa, atakayeachishwa kazi apewe kiinua mgongo. Yeye anajibu, "Jamani, ndugu huandikishana?"

Leo wanunuzi wamekuja. Wa kwanza kuachishwa ni yeye. Yeye, mwenzangu. Mbele yetu sote.

Akauliza kwa sauti ya kuku mgonjwa, "Na kiinua mgongo changu?"

Mnunuzi akamwuliza, "Kimeandikwa wapi?"

Kimeandikwa wapi, eti.

Akamfuata fundi, akanong'ona, "Lile ombi lenu, bado naweza kutia sahihi?"

Fundi akampa kalamu.

Nilitaka kucheka, lakini kesho ni zamu ya idara yetu.