Papa Valentin, Mwenye Kuonja Kwanza

Papa Valentin Ntirenganya, mwaka umetimia tangu ulipolala hospitalini usiamke, na bado tunaogopa kusema kwa sauti kwamba umekufa. Kifo chako kimemtia mama matatani.

Wanaosoma wajue: kabare letu, kilabu cha pombe juu kidogo ya Kanyaruchinya, lilifunguliwa na babu Nsanzimana. Lava ya volkano ya mwaka 2002 ililimeza lote. Ukalijenga upya juu ya mawe yaleyale meusi kabla hujajenga nyumba ya kulala, na mama akanuna wiki nzima. Vita vilitukimbiza mara tatu. Kila tuliporudi ulifagia kwanza, ukatoa benchi nje. Mlevi aliyeshindwa kusimama ulimsindikiza hadi kwa mke wake, ukamwombea msamaha.

Na kila kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ulikionja wewe mbele ya wateja, waone haina sumu. "Miye nikianguka, mukimbie!" ulisema, na watu walicheka.

Ukaanguka, Papa. Daktari aliandika tansio, shinikizo la damu. Lakini siku ya kukuzika ndugu yako Viateur alisimama mbele ya watu wote: "Mwenye kuonja amekufa. Muulize ule mwenye anapikaka pombe."

Anayepika ni Mama Béata, mke wako wa miaka thelathini na minane. Wateja wakatoweka. Kisha mawe yakaanza kuanguka juu ya mabati. Tulimhamishia mtaa wa Murara, kwa mwanao Umuhoza, na huko anashtuka kila mtu akibisha hodi. Sokoni Birere haendi tena, anasema wanamnyooshea vidole. Tunaogopa, Papa, hatufichi.

Wiki iliyopita alituita akasema: "Miye narudia kwangu. Nitapika, nitaonja mbele yao. Kama wananiua, waniue pa mulango yangu." Tulimsihi mpaka tukalia. Hakusikia.

Basi Jumapili hii, baada ya misa, kabare litafunguliwa. Mama ataonja. Sisi wanao, Apolline, Josias na Umuhoza, tutakunywa baada yake, ingawa Josias hanywi pombe. Majirani, karibuni. Baba mdogo Viateur, nawe ukisoma haya, njoo unywe au ubaki kwako. Tunakuomba tu usiokote jiwe.

Tutakukumbuka siku zote, Papa. Jumapili hii, utukumbuke na sisi.