Neno "Mzamiaji" na Saa ya Marehemu Makarius

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo Kidogo cha Polisi Mtendeni, Mikumi, Wilaya ya Kilosa
Kosa: Kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi
Jina la shahidi: Vaileth Gabrieli
Umri: Miaka 46
Kazi: Fundi saa
Makazi: Mikumi, mzaliwa wa Kimamba
Tarehe ya maelezo: 13 Juni 2024, saa tatu asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ninaeleza kwa hiari yangu, ingawa hiari yenyewe ni ya kufuatwa nyumbani na askari kabla sijanywa chai. Meza yangu ya kutengeneza saa ipo karibu na stendi ya Mikumi, upande wa maduka ya simu. Ufundi nilifundishwa na baba yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli Kimamba. Namwomba afande aandike nilivyosema, asipunguze wala asiongeze, maana hapa tulipo tumeletwa na neno moja lililosikiwa vibaya.

Mnamo tarehe 12 Juni 2024, majira ya saa nne asubuhi, walikuja mezani kwangu watu wawili. Wa kwanza ni Donati Makarius, mkulima wa miwa kutoka Kidodi. Wa pili ni Bwana Octavian, mwenye nyumba ya wageni hapa Mikumi. Donati alitoa saa ya mkono iliyofungwa kwenye leso. Alisema ni ya marehemu baba yake, mzee Makarius, aliyefariki mwaka jana, na kwamba Octavian anataka kuinunua. Walikuwa wameshindwana. Donati alitaka laki nane, Octavian alikuwa anatoa laki mbili. Wote wawili walisema, "Dada Vaileth, utakachosema wewe ndicho hichohicho." Nilidhani ni kazi ndogo. Ningejua, ningefunga meza nikaenda kusuka nywele.

Niliikagua saa. Ni ya Kijapani, ya miaka ya sabini, ile nene yenye pete ya juu inayozunguka. Nilifungua kifuniko cha nyuma nikakuta mashine ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, haijabandikwa vipuri vya saa nyingine. Uso wake umegeuka rangi ya chai kwa uzee. Kioo kina mikwaruzo.

Octavian alisema, "Imechakaa hii. Ingesuguliwa kidogo na kupakwa rangi, ningefika hata laki tatu." Nilimwambia ikisuguliwa ndiyo itakuwa imekufa, kwa sababu wanaozitafuta saa za aina hii wanataka uzee wake wenyewe, si wa kupakwa. Kumbe nilikuwa napigia mbuzi gitaa. Kisha nikamgeukia Donati, nikamwambia na yeye asijipe moyo sana. Mpira wa kuzuia maji umekufa, saa hiyo leo haiingii hata kwenye ndoo. Kile kichwa cha pembeni cha kurekebishia majira si cha kwake, kimebadilishwa. Na boksi lake halipo. Nilipunguza cha kupunguza, nikasema bei ya haki ni laki tano na nusu, anunuaye asijione kaibiwa wala auzaye asijione kadhulumiwa. Donati alikuna kichwa. Octavian alianza kupapasa mfuko, na kwa mfanyabiashara kupapasa mfuko ni nusu ya kukubali.

Hapo ndipo alipofika Ida Makarius, dada mkubwa wa Donati, ameshuka kwenye bodaboda hata chenji hakusubiri. Hakusalimia mtu. Alininyooshea simu usoni akasema, "Tazama! Huku saa kama hii ni milioni nne. Nyie mnakaa hapa kumlaghai mdogo wangu!"

Nilimweleza kwa upole, na upole wangu ulikuwa tayari umebaki kidogo. Nilimwambia hiyo ni bei ya kuombea, si bei ya kuuzia. Ya kwenye simu ina boksi lake na kila kitu chake, tena ipo ng'ambo. Mtu akitangaza kwamba kuku wake ni milioni moja, kuku hajawa ng'ombe. Ida alisema, "Kwa hiyo baba yetu ni laki tano na nusu?" Nikamjibu kwamba mimi nimepima saa, baba yao sijampima. Hakusikia. Donati naye alikuwa anarudia, "Mimi nina simu, saa ya nini?" na kila akirudia dada yake anawaka upya.

Octavian akaniuliza kwa nini basi hata hiyo laki tano na nusu, kama saa imechakaa hivyo. Nikasema, na maneno yangu yalikuwa haya, naomba yaandikwe yalivyo: "Hii si saa ya kawaida, Bwana Octavian. Hii ni saa ya mzamiaji."

Nilimaanisha mtu anayeingia chini ya maji na mtungi wa hewa. Ile pete ya juu inamhesabia dakika zilizobaki kabla hewa haijamwishia. Hiyo ndiyo maana yake, na sikupata nafasi ya kuieleza. Octavian aliruka kwenye benchi kana kwamba amekalia siafu. "Mzamiaji! Mnataka kuniuzia mali ya mzamiaji?" Na kweli, kwenye barabara kuu hii ya kwetu, ukisema mzamiaji hakuna anayefikiria maji. Wanafikiria wale watu wanaofichwa kwenye malori kwenda kusini, wanaokamatwa vizuizini wakiwa hoi kwa kiu. Octavian aliamini moja kwa moja kwamba mmoja wao kaporwa saa. Alipiga simu polisi palepale, huku mimi namvuta shati nimweleze.

Askari wawili walifika majira ya saa tano. Walimuuliza Donati saa ni ya nani. Sasa Donati ni mtu mwema, lakini akibabaika ulimi wake unatafuta shimo la kutumbukia. Nilisikia hivi:

"Ni ya baba, afande. Alipewa na mzungu mmoja, mzamiaji."

"Huyo mzamiaji yuko wapi?"

"Alikuwa anazama Kidatu, bwawani, zamani hizo wanalijenga."

"Alizama?"

"Ndiyo, afande. Baba ndiye aliyekuwa ameshika kamba."

"Kamba ya nini?"

"Ya kumfunga kiunoni."

Askari walitazamana. Niliinua mkono, nikasema, "Afande, anayezama na anayezamia ni watu wawili. Wa kwanza anatafutwa, wa pili analipwa mshahara." Nikaambiwa nisubiri zamu yangu. Nimesubiri mpaka leo.

Wakamgeukia Ida, wakamuuliza kama anaijua saa hiyo na kama kweli ilikuwa ya baba yake. Neno moja tu lilitosha. Ida alikunja mikono akasema, "Mimi sijui. Muulizeni mwenye saa." Nilimtazama nisiamini. Donati alifungwa pingu mbele ya stendi nzima, na saa ikatiwa kwenye bahasha. Nilimfuata Ida nikamwambia, "Dada, huyo ni mdogo wako." Alinijibu, "Alipoamua kuuza hakukumbuka kama ana mkubwa." Akapanda bodaboda nyingine, akaondoka.

Leo nimeitwa kueleza, na jambo la kwanza nililoulizwa na afande ni thamani ya saa, ili aiandike kwenye kielelezo. Nimechoka na swali hilo. Nikitaja bei kubwa, Donati anakuwa mwizi mkubwa. Nikitaja ndogo, Ida atasema nilipanga na mnunuzi tangu mwanzo. Bei yangu ni ileile ya jana, laki tano na nusu, na haibadiliki kwa sababu mtu kalala mahabusu. Ila naongeza kitu ambacho jana sikupewa nafasi ya kusema. Saa ya zamani inauzwa pamoja na habari zake. Asipopatikana mtu wa kusema ilitoka mkono gani ikaenda mkono gani, mimi siwezi kuipa bei yoyote, wala nisingeinunua.

Nilikuwa bado naeleza hayo wakati Ida alipoingia hapa kituoni, akiwa na chupa ya chai na mihogo kwenye hotipoti. Afande aliacha kuandika, akamtolea saa, akamuuliza kama anaitambua. Ameruhusu niyaeleze haya kwa kuwa nimeyasikia mwenyewe.

Ida alisema, "Naitambua. Mimi ndiye niliyeivua mkononi mwa baba pale hospitali, mwili wake haujapoa. Nikampa Donati, kwa sababu alikuwa analia kuliko sisi wote. Sikumpa akauze."

Afande alimuuliza kwa nini jana alisema haijui. Alisema, "Kitu cha baba kinauzwa, na mimi mkubwa wa Donati naambiwa na dereva wa lori la miwa."

Afande akasema, "Ulikuwa unataka mgao wako?"

"Mgao wa nini? Milioni nne nimezitaja kwa hasira. Angeniuliza tu."

Nasema wazi kwamba nilikasirika. Mtu amelala sakafuni, mimi nimefunga meza siku mbili, Octavian amekosa saa, askari wameacha kazi zao, na kumbe hakuna aliyekuwa anabishania bei isipokuwa mimi peke yangu. Nilitamani niwachape wote wawili kwa mkanda wa saa hiyohiyo. Na papo hapo nikajikuta namsogezea Ida benchi akae.

Mlango wa mahabusu upo karibu na kaunta, na Donati alikuwa amesikia yote. Alisema kutoka ndani, kwa sauti ndogo, "Shikamoo, dada."

Ida alifungua na kufunga kifuniko cha hotipoti mpaka nikadhani hataitikia. Kisha akasema, "Marahaba. Umekula?"

Sina la kuongeza. Nimesomewa niliyoyaeleza na nimeyasikia, na pale palipoandikwa "mhamiaji" nimetaka pafutwe paandikwe "mzamiaji, yaani wa majini". Nikihitajika tena nipo mezani kwangu, ila nifuatwe baada ya chai.

Sahihi ya shahidi: V. Gabrieli

Mimi WP Koplo Tumwagile nimeandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea shahidi, akakubali baada ya marekebisho aliyoyataja. Mtuhumiwa ameachiwa saa nne na nusu asubuhi. Kielelezo, saa moja ya mkono, kimerudishwa. Nafasi ya kupokea ni ya mtu mmoja. Donati alisema asaini dada yake, Ida alisema asaini mdogo wake. Wamesaini wote wawili, mmoja juu ya mwingine, na majina hayasomeki vizuri.