Nimekula Maua ya Marehemu Leslie

Mpendwa Shangazi Sabika,

Naomba msaada wako, na kabla ya huo msaada naomba kwanza usinicheke, ingawa najua utacheka, maana hata mimi nikijitazama kwenye kioo asubuhi nikinyoa ndevu huwa nashindwa kujizuia. Mimi ni kijana wa Meru, jina langu Kirimi, nafanya kazi ya kompyuta hapa Don Mills, Kanada, na ninaishi besmenti, yaani chini ya sakafu ya nyumba ya mama mmoja Mgoa, mzaliwa wa Mombasa, mjane, anaitwa Anti Socorro, ambaye amenilea tangu nilipotua nchi hii na koti la mvua nikidhani ndilo koti la baridi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvaa soksi mbili, yeye ndiye hunisalia rozari nikiwa na mahojiano ya kazi ijapokuwa mimi ni Mmethodisti, na mimi, Shangazi, shukrani yangu ni kwamba nimemlia maua ya marehemu mume wake. Sikusema nimeyakata. Nimeyala. Na chai.

Ilikuwa Februari, theluji imepanda hadi imeziba dirisha langu, nami nilishikwa na hamu ya ngwaci, vile viazi vitamu vya kwetu Nkubu vinavyochemshwa na maganda yake, na ikumbukwe Anti alishaniambia zamani, "Kirimi baba, viazi vilivyo kwenye chumba cha baridi ule tu, mimi peke yangu nitavimaliza lini?" Chumba cha baridi ni kile kichumba cha huku chini kisicho na hita, watu huweka humo achari na mboga zisiharibike. Kumbe Anti alimaanisha lile gunia la viazi mviringo lililo mlangoni, lakini macho yangu mimi yakapanda mpaka rafu ya juu, nikaona boksi, ndani ya boksi vumbi la mbao, ndani ya vumbi magazeti, na ndani ya magazeti vitu vyembamba vya kahawia vimeshikana kwenye kikonyo kimoja, sawasawa na viazi vinapotoka shambani kwa mama. Juu ya boksi paliandikwa kwa kalamu nene: LESLIE. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi mwenye shahada mbili nikadhani ni aina ya viazi.

Nikavichemsha. Kusema kweli vilikuwa majimaji, vichungu kidogo, na vilikwaruza meno hata baada ya kuchemka, nami nikailaumu Kanada, nikasema nchi hii hata kiazi hakikolei sukari. Mtu mwingine angeishia hapo, lakini mimi mtoto wa mkulima nitashindwaje na kiazi, nikaendelea kula wiki nzima. Nikampelekea na Nyaboke, dada mmoja Mkisii tunayesali naye, yuko Pickering, mji wa jirani, na ana bustani nyuma ya nyumba yenye sukuma wiki na managu, akaonja kipande akakitema kwenye karatasi akasema, "Kirimi, hivi si viazi, hii ni adhabu." Ila kwa kuwa Nyaboke haachi mbegu ipotee, akachukua shada la mwisho lililobaki bichi akapande aone.

Mwezi wa tatu Anti akaniita juu, akanimiminia chai, akasema, "Kirimi baba, nishushie lile boksi la Leslie, wakati wa kumwamsha umefika." Nikauliza kumwamsha nani. Ndipo akanieleza polepole kwamba mumewe Leslie alipenda maua yanayoitwa dalia, mekundu, makubwa kama sahani, na kwamba baridi ya hapa huua mizizi yake ikiachwa ardhini, kwa hiyo kila vuli Leslie alikuwa anaichimbua, anaifunga kwenye magazeti, anailaza huku chini, halafu majira ya kuchipua anaipanda tena, mizizi ileile, miaka nenda miaka rudi, na tangu afariki Anti ameiendeleza vivyo hivyo, na ua la kwanza la Septemba humpelekea kaburini. "Mikono yake ilishika vitu vingi humu ndani," akasema, "lakini hiki ndicho ambacho bado kinaishi." Shangazi, chai ilinipalia mpaka ikatokea puani.

Ningesema palepale. Mdomo niliufungua kabisa. Kilichotoka ni, "Sawa Anti, kesho." Na kesho yake nikaenda dukani, nikachagua viazi vitamu vyembamba vyembamba, nikavifunga kwenye magazeti yaleyale, nikavilaza kwenye vumbi lilelile, nikampelekea. Wakati huo Anti alikuwa na mtoto wa jicho, anasubiri upasuaji, haoni vizuri, akavipanda kwenye vyungu pale dirisha la jikoni kwa kupapasa tu, huku akivisemesha, nami nimesimama nyuma yake nimeshika ndoo ya udongo kama mpagazi. Baadaye akafanyiwa ule upasuaji, tukamshukuru Mungu, na ilipopita sikukuu ya Malkia Viktoria mwezi wa tano, jalidi haiji tena kuua miche, tukavihamishia nje kwenye bustani, ambayo yote ni ukubwa wa mikeka miwili.

Sasa ni Julai na vimetambaa mpaka kwenye uzio wa jirani. Kila jioni Anti ananiita, "Kirimi, njoo umwagilie Leslie," nami naenda na ndoo ya maji. Halafu ananichanganya. Mwaka jana alikuwa na vijiti vya kuegemezea maua yake, mwaka huu vijiti vimebaki gereji, na badala yake alinipa jembe akaniambia nimpigie matuta. Juzi ananiuliza, "Kwenu Meru mnapenda viazi vya kuchemsha au vya kuchoma?" Nikajibu vya kuchemsha, nikaona ni mazungumzo tu. Wiki iliyopita aliniletea bakuli la mboga ya majani na nazi, tamu ajabu, sijui aliipata duka gani, nikaramba bakuli. Na wakati mwingine namwona amekaa kwenye kiti pale bustanini anacheka peke yake, nami naogopa kwamba huzuni imeanza kumchanganya.

Nyaboke naye hana msaada wowote. Amenipigia kulalamika eti viazi nilivyompa vimesimama wima kama mahindi, havitambai, vina majani asiyoyajua, na Jumamosi hii anaving'oa apande sukuma. Nimemwambia ang'oe tu, mimi nina shida zangu.

Shangazi, Septemba ndiyo hiyo inakuja. Nihame? Nimsingizie kindi, kwamba yeye ndiye aliyeingia akala? Ninampenda yule mama kama aliyenizaa, na siwezi kumwona akisimama kaburini mikono mitupu kwa sababu ya tumbo langu. Namba yangu ya simu ni hiyo hapo chini. Tafadhali usitaje jina langu.

Ni mimi, Mla Maua, Don Mills.

*

Mla Maua,

Nimekucheka. Nimecheka hadi mume wangu Bahadur akaja mbio kutoka sebuleni akidhani nalia. Majina nimeyabadilisha yote kama ulivyoomba. Nimekupigia simu mara mbili, hupokei, unaogopa hata namba usiyoijua. Basi jibu lako ndilo hili gazetini leo Alhamisi, na ulisome umesimama, kwa sababu una safari.

Safari yenyewe ni Pickering. Mtoto wa mkulima gani wewe, jamani? Kile kilichosimama wima kwenye bustani ya Nyaboke si kiazi kilichokosa adabu. Ni Leslie! Ni yule yule unayemlilia, yuko hai, anakula mbolea ya Kisii, na wewe umemruhusu mwenzio amng'oe Jumamosi apande sukuma. Mpigie kabla hujafika mwisho wa mstari huu, umwambie asiguse hata jani. Kisha nenda jioni jua likishapoa, chimba mbali na shina, umwinue na udongo wake wote, umtie kwenye ndoo pana, umfunge kwenye kijiti asivunjike, umpe maji. Atanyong'onyea siku kadhaa, usianze kulia, endelea na maji. Sikuahidi kwamba ua litatoka kabla ya Septemba, anaweza kugoma, maana mmea nao huchoka na safari. Lakini uhai upo.

Haya, sasa kaa chini. Anti Socorro anajua.

Ndiyo, anajua. Mwanamke aliyezaliwa Mombasa aone jani la kiazi asilijue? Ebo! Dalia haipigiwi matuta, viazi ndivyo hupigiwa matuta. Vijiti vimebaki gereji kwa sababu hakuna ua la kuegemeza. Na ile mboga ya nazi uliyoramba hadi bakuli, mwanangu, ulidhani ni nini? Yalikuwa matembele! Majani ya viazi vyako mwenyewe vya dukani, yaliyochumwa hatua chache kutoka mlangoni kwako. Umekula ushahidi mara mbili, na mara ya pili ukaomba Mungu akuongezee.

Kosa la kula sikuhesabii. Njaa ya nyumbani ni njaa kweli. Mimi majira yangu ya kwanza ya baridi hapa nilisimama dukani mbele ya rundo la bamia nikalia mpaka kijana wa duka akaniletea kiti. Na tena uliambiwa ule viazi, ukaona kitu chenye sura ya kiazi, ukala. Ni ujinga, lakini ni ujinga wa tumbo, unasameheka.

Kosa lako ni la kesho yake. Hebu fikiri kidogo, acha kujifikiria wewe. Yule mama amefunguliwa jicho baada ya kuishi kwenye ukungu, na bila shaka alienda moja kwa moja dirishani kumwona Leslie, na pale dirishani akaona majani ya viazi. Siku ile alifiwa tena. Ulikuwa chini ya sakafu yake, labda umevaa vitu vyako vya masikioni, naye hakukuita. Hapo ndipo kicheko changu kilipokatika, na Bahadur akanikuta nalia kweli.

Na baada ya kulia alifanya nini? Hakukufukuza. Alijua kijana huyu alikuwa na hamu ya kwao hata akala mizizi ya maua wiki nzima, basi akaamua kukulimia viazi. Yule unayemwona akicheka peke yake kwenye kiti hajachanganyikiwa. Anakucheka wewe, na ana haki.

Utaniuliza kwa nini hasemi. Anakungoja useme mwenyewe, kwa sababu akisema yeye atakuwa amekukamata, na hataki kukukamata, anataka umwendee. Kila jioni anapokuita, "Njoo umwagilie Leslie," anakufungulia mlango, nawe unapita na ndoo yako ya maji kama hujaona kitu. Mficha uchi hazai, Mla Maua. Usihame, utapata wapi mama mwingine wa kukusalia rozari? Na kindi umwache, hajakukosea kitu, tena ana watoto.

Utakapotoka Pickering usipitie besmenti kuoga. Nenda moja kwa moja mlango wa mbele na udongo wako kwenye viatu, ndoo mkononi. Usianze na maneno yenu ya ofisini, eti kulikuwa na changamoto. Sema, "Anti, mwezi wa pili nilimla Leslie, mwezi wa tatu nikakudanganya, na huyu ndiye aliyebaki." Halafu nyamaza. Akilia, usimwambie asilie. Akicheka, mwache acheke kwanza peke yake, wewe utacheka ukikaribishwa. Kisha umuulize anataka umchimbie wapi, uchimbe, na usimfundishe kitu.

Septemba uende naye makaburini. Umpeleke kwa gari, umshike mkono penye majani yenye umande. Ua likiwepo, alibebe yeye. Lisipokuwepo, mkate jani moja mlipeleke hilohilo, Leslie alikuwa mtu wa bustani, anajua miaka mingine huwa hivyo.

Na vuli ikifika, umchimbue mwenyewe kwa mikono yako, Anti akikuelekeza, umfunge kwenye magazeti, umrudishe rafu ya juu, na usimwonje. Viazi navyo mtavichimba, mtavichemsha na maganda, mtakaa mezani wawili mle na chai. Ila msivimalize. Mama yako kule Nkubu angekwambia, mbegu hailiwi. Bakizeni kimoja kizuri, mkitie kwenye boksi lake, mkiweke juu jikoni penye joto, kiazi kitamu huoza kwenye baridi. Halafu mpe Anti Socorro ile kalamu nene, aandike jina juu yake kama alivyoandikiwa Leslie. Asipoandika KIRIMI, niletee hilo boksi, nitalila mimi na chai.

Shangazi Sabika